Jina Katika Daftari la Mji

Nyumba ile sijaiona kwa macho, lakini asubuhi za mapumziko, kabla sijaamka vizuri, huwa najikuta nimo ndani yake. Naingia kwa mlango wa buluu, navua viatu, navuka ua wenye kisima cha maji ya mvua kilichofunikwa kwa mfuniko wa shaba, kisha nakaa kwenye bembea. Bembea iko sebuleni, imening'inizwa kwa minyororo kwenye boriti, na ukiikalia unaona ngazi na kipande cha anga. Yote haya niliambiwa na Ba nikimkausha miguu baada ya kuoga, huko Harrow, katika nyumba nyingine kabisa.

Ba ni neno la Kigujarati, maana yake mama, na ndivyo kila mtu alivyomwita. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifika London na mipango mingi, nikaishia kuhudumia wazee majumbani mwao. Ajensi iliponipeleka kwake mara ya kwanza nilionywa kwamba ni bibi wa Kihindi, mgumu, ameshawakataa wahudumu watatu. Nikabisha hodi nimejiandaa kugombana. Akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akauliza, Tanzania sehemu gani? Nikasema Tanga. Akanipandisha akanishusha, kisha akatoa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

"Tanga, halafu unaingia nyumbani kwa mkubwa wako bila shikamoo?"

Alizaliwa Tanga, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Aliolewa hapohapo, na familia ilipoondoka, mumewe alitangulia Uingereza kutafuta kazi, yeye akapelekwa kungoja India, katika mji mdogo wa Gujarat ambao sitautaja. Mume akainunua nyumba ile ili mkewe asingojee kwenye nyumba ya watu. Alingoja miaka minne. Mtoto wao wa kiume alizaliwa humo, na ndipo wakaja London wote. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye mvi, anaishi vituo viwili mbele kwenye reli ya Metropolitan, na Kiswahili hakijui, kwa sababu wazazi wake walikitumia kumficha mambo. Basi mimi na Ba tukabaki na lugha ya siri nyumba nzima, na tuliitumia vibaya, hasa kumsengenya mke wa jirani.

Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijafika. Picha yake ilikuwa sebuleni, na taji la maua ya msandali shingoni. Ba alimtaja kila siku bila kumtaja. Alisema "mwenyewe". Mwenyewe hapendi chai ya maziwa mengi. Mwenyewe aliupaka ule mlango buluu kwa mkono wake, alipokuja likizo. Mimi nilidhani ni mapenzi ya kizee tu. Kitu kingine nilichokiona nisikitilie maanani ni kwamba tukienda kliniki, mapokezi wakimwuliza jina kamili, alikuwa hajibu. Alifungua pochi, akatoa kadi yake ya basi, akaisukuma mezani kwa kidole. Nikajiambia kwamba ana maringo, maana kweli anayo.

Ndani ya nyumba ya India aliishi mdogo wake, mjane, aliyekuwa hana mtoto wala kwingine pa kwenda. Yeye naye alizaliwa Tanga. Alipiga simu kila mchana, na Ba akinawa mikono nilipokea mimi, tukasalimiana kwa Kiswahili, akaniuliza bei ya mbaazi London. Alikuwa na sauti nyembamba yenye kicheko ndani yake. Nyuma yake nilisikia minyororo ya bembea ikilia.

Siku moja badala ya bei ya mbaazi akaniambia kwamba watu wa halmashauri ya mji wamepita kupima nyumba. Walipiga picha mlango, wakagonga kibati chenye namba ukutani, wakasema madaftari ya zamani yanaingizwa kwenye kompyuta. Kila nyumba lazima ioneshe mwenye nyumba aliye hai.

"Na hapa wameandika nini?" nikauliza.

"Wameandika shemeji. Nikawaambia amefariki. Wakaniuliza, sasa wewe ni nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo ambayo sikuwahi kuota kwamba yatanihusu. Meza ya kulia chakula ikajaa karatasi. Ba alikuwa na hati ya kununulia nyumba, iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa myeupe, na aliamini hati hiyo inatosha. Mimi pia niliamini. Wakili wa kule, kijana mwenye subira aliyeongea na mwana wa Ba kwa video, akatuelewesha. Hati inasema nani alinunua. Daftari la mji linasema mji unamtambua nani. Ni vitu viwili. Bila jina lako daftarini, maji huungiwi kwa jina lako, ukuta huruhusiwi kujenga, na akija mtu kudai nyumba ni yake, unasimama na karatasi yako kuukuu mkononi huku mji ukikutazama kama mgeni.

Na mtu alikuwa ameshakuja. Mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Ba alikuwa amepeleka barua kwamba ami yake alihamia ng'ambo zamani, hivyo nyumba ni ya ukoo, na yule mama anayekaa humo ni mpangaji asiye na mkataba. Maadamu rekodi ilibaki kwa jina la mtu aliyekufa, iliwekwa kwenye daftari la muda, na nyumba ikiwa kwenye daftari la muda pingamizi lolote linasikilizwa. Jina likihamia kwa mjane wake, yaani Ba, pingamizi linakufa. Lisipohamia, mdogo wake Ba anatoka na begi lake. Ilikuwa hivyo, hakuna zaidi.

Kwa hiyo tukakusanya. Cheti cha kifo, cheti cha ndoa kutoka Tanga chenye muhuri uliofifia, pasipoti, risiti za kodi ya jengo ambazo mwenyewe alizitunza kwenye kopo la biskuti kwa mpangilio wa mwaka. Mwana akatia saini kumwachia mama yake haki yote. Mimi nilikuwa mpiga picha wa karatasi, nikizishika dirishani zipate mwanga, simu mkono wa kulia. Ba alikaa pembeni akinisimulia kila karatasi inakokwenda. Hii hapa inahusu chumba cha juu. Kile chumba hakimo kwenye rekodi, alisema, kwa sababu kilijengwa baadaye kwa ajili ya kuanikia pilipili. Nikamwuliza bembea je? Akacheka. Serikali haipimi bembea.

Siku zile alianza kuzichanganya nyumba. Aliniambia nipande juu nikageuze pilipili, na mimi nikapanda kweli ngazi zenye zulia za Harrow, nikasimama kidogo chumbani kwake nikisikiliza treni ikipita, nikashuka nikasema zimekauka vizuri. Hakuwa amepotewa na akili. Alikuwa anakaa mahali pawili kwa wakati mmoja, na kusema kweli nami nilikuwa nimeanza.

Hatua ya mwisho ilikuwa ya video. Mwombaji aliye ng'ambo aonekane na ajibu mwenyewe, kwa sauti yake, irekodiwe. Wakili alituletea maswali kabla. Jina lako, jina la baba yako, jina la mwenye nyumba aliyefariki, umri wako. Maswali manne tu. Nilicheka. Nikasema Ba, hata kuku atafaulu.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi ya Harrow, kwao mchana. Mwana alikuwa kazini. Nilimvika Ba sari nyeupe ya pamba, nikaweka kompyuta juu ya vitabu viwili ili kamera imfikie usoni, nikakaa pembeni ambako sionekani. Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye adabu, akisoma kwenye karatasi. Ba akajibu jina lake la kwanza, kwa sauti. Akajibu jina la baba yake. Likaja swali la tatu, na yeye akanyamaza.

Afisa akarudia. Ba akatazama kamera. Vidole vyake vikaanza kuviringisha upindo wa sari. Afisa akauliza tena, safari hii kwa Kiingereza, taratibu: "Name of husband, please."

Wanaofanya kazi yangu watanielewa. Siku nzima unamjibia mtu. Ana mzio? Hana. Amekula? Amekula. Tarehe ya kuzaliwa? Unaitoa kabla hajavuta pumzi, kwa sababu daktari ana haraka na basi linakuja. Mdomo unazoea. Jina la mumewe nilikuwa nimeliona kwenye kila karatasi niliyoipiga picha, nililijua kuliko la baba wa watoto wangu. Likanitoka. Nilitamka lote, wazi, kama mwanafunzi aliyekaa mbele.

Afisa akainua uso. Akauliza nani yumo humo chumbani. Akaandika kitu. Sauti yake haikuwa na adabu tena. Baadaye wakili akatufafanulia: mjane ameshindwa kumtaja mumewe, na mtu aliyejificha amemtajia. Wameshaletewa wajane wa uongo wengi pale ofisini. Maombi yamewekwa alama ya shaka. Tunapewa mara moja tu nyingine, baada ya wiki mbili, mwombaji akiwa peke yake, kamera ioneshe kwanza chumba kizima. Asipojibu, aende mwenyewe ofisini India. Moyo wa Ba ulikuwa haumfikishi hata kwenye duka la kona.

Mwana alikuja jioni, akapandisha hasira. "Mum, why didn't you just say it?" Mimi sikuthubutu kumwangalia yeyote. Niliwaza kwamba wamesahau kunifukuza.

Aliyenielewesha ni mdogo wake, kwenye simu, kesho yake mchana.

"Dada hawezi kulitaja," alisema. "Mke hatamki jina la mumewe. Ukilitamka unampunguzia umri. Mama yetu alikufa hajalitamka la baba. Hata makarani wa bandari pale Tanga, mjomba ndiye aliyewajibia."

"Na kliniki?"

"Jina lake kamili si lina la mumewe katikati? Atalisemaje?"

Nikakumbuka ile kadi ya basi na nikaona haya. Mama yangu mzazi naye alimwita baba "baba watoto" miaka yote, lakini akikasirika jina lilitoka lote, na la ukoo juu yake, majirani wakasikia. Kwetu ni heshima, unaweza kuiweka chini ukichoka. Hii ya Ba haikuwekwa chini.

Kisha yule mama akasema jambo lililonikata. "Mwambie dada asijitese. Mimi ni mtu mmoja, mkeka mmoja. Nitapata pa kulala." Akacheka kile kicheko chake, na minyororo ikalia nyuma.

Nikajaribu njia zote. Nikamwuliza wakili kama Ba anaweza kuandika jina kwenye karatasi akaionesha. Haikubaliki, kanuni inasema sauti. Mwana akaomba abadilishiwe afisa. Haikukubalika. Zikabaki siku tano, na mimi, ambaye mdomo wangu ulikwisha kuharibu mara moja, nikaharibu mara ya pili. Nilikuwa namsugua mafuta magotini. Nikasema, "Ba, samahani, lakini marehemu ameshakufa. Umri gani tena wa kumpunguzia?"

Akavuta mguu wake kutoka mkononi mwangu. Hakupiga kelele. Aliuvuta tu, akaufunika kwa sari. Siku mbili chai yangu ilipoa mezani bila kuguswa, na shikamoo zangu zilijibiwa kwa kichwa. Niliumia kuliko ningetukanwa. Nilijua nimesema kweli, na nilijua pia kwamba haikuwa yangu kuisema.

Jumamosi hiyo nilikwenda Peckham kusuka. Nikasinzia kwenye treni, na nikawa kule ndani. Mlango wa buluu ukafunguliwa, akaingia karani mwenye daftari kubwa la jalada jekundu, akauliza nani anakaa hapa. Mdogo wake Ba hakuwepo. Nilikuwepo mimi kwenye bembea. Nikafungua kinywa, na kinywa kikawa kitupu, hakina hata ulimi. Karani akalamba kidole akafunua ukurasa mwingine. Nikaamka nimepitiliza kituo, na sikuwa na hasira tena na Ba wala na mtu yeyote isipokuwa mimi.

Jumatatu, siku moja kabla ya video, nilimkuta ameshaamka, amekaa dirishani, ukungu umefunika bustani yote mpaka uzio hauonekani. Nikamwamkia. Akasema marahaba, kwa sauti. Nikatamani kupiga magoti.

"Mdogo wangu alikuwa anaogopa giza Tanga," alisema, bila kunitazama. "Mpaka leo analala taa inawaka. Atalala wapi huyo?"

Sikusema kitu. Hilo nilikuwa nimeshajifunza.

Siku yenyewe mwana alichukua ruhusa kazini. Tulizungusha kompyuta sebule nzima ili afisa aone hakuna mtu nyuma ya pazia wala chini ya meza, tukaielekeza kwa Ba, tukatoka. Nikafunga mlango. Mimi na mwana tukasimama kwenye korido, kati ya makoti na radieta. Kwenye mlango ule kuna kioo cha mawimbi. Niliona weupe wa sari yake tu, hautikisiki.

Swali la kwanza. La pili. Halafu kimya. Mwana alifumba macho. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika ishirini na kitu nikapoteza hesabu. Afisa akasema jambo. Kimya kikaendelea, na nikamwona yule mama kule ng'ambo akikunja mkeka wake.

Ndipo Ba akalitamka. Taratibu, lote, herufi zake zote. Sauti haikuwa ya bibi niliyemjua. Ilikuwa ndogo na yenye haya, sauti ya msichana aliyeulizwa jambo mbele za watu.

Afisa akamwambia sauti ni hafifu, haikurekodiwa vizuri, tafadhali arudie. Mwana alinitafsiria kwa kunong'ona. Nilitaka kuupiga mlango teke. Mtu amebeba kitu zaidi ya miaka hamsini, ameutua mzigo wake mara moja, na anaambiwa autue tena!

Akarudia. Safari hii alipaza. Jina likapita kwenye kioo, likapita kwetu, likapanda ngazi. Nadhani hata mke wa jirani alilisikia. Yule mwanamume mwenye mvi alikaa kwenye ngazi ya chini, akashika kichwa. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba hajawahi kumsikia mama yake akimwita baba yake, hata mara moja. Nikampa karatasi ya kufutia pua, maana ndizo zilizo mfukoni mwangu siku zote.

Kwenye wiki ya tatu rekodi ilibadilika. Mdogo wake alitusomea kutoka kwenye karatasi mpya ya halmashauri, yenye picha ya nyumba na ramani ndogo, akashangaa kwamba mpaka chumba cha pilipili wamekichora. Barua ya yule mtoto wa kaka ilifungwa. Mama yule bado yumo humo, bado analala na taa, bado ananiuliza bei ya mbaazi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile, afisa alipokata, tulingoja kidogo, kisha nikafungua mlango nikaingia peke yangu. Kompyuta ilikuwa imezima. Ba hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, ule upande wa sikio lake linalosikia vizuri, na aliinua mkono nisiongee. Nikasimama. Treni ilipita ikaisha. Alisikiliza kwa muda mrefu, halafu akashusha mkono.

"Nimemwita," aliniambia. "Mara mbili. Hakuitika."

Nikakaa chini karibu naye, nikalia mimi.